Nyoka wa Esanga Aliyekosa Jina

Niliporudisha ufunguo wa chumba cha chupa, wadogo zangu wa kazini mliniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukifanya kazi zamani. Nadhani mlitaka visa vya swila na chatu. Hivyo mtavipata kwa wengine, maana mtu akishaona chatu hawezi kukaa kimya. Mimi nimezeeka nikimtafuta nyoka mmoja anayefanana na kamba ya kiatu, asiye na sumu wala macho ya kuonea, na ambaye mpaka leo hana jina. Nawaandikia habari zake yeye, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kuziandika.

Nilifika Kisangani kutoka Yanonge nikiwa binti, na cheti changu cha kazi kilikuwa mkono uliozoea kupasua samaki. Mtunzaji wa mkusanyo wa wanyama waliohifadhiwa katika chupa alikuwa Papa Lokangu, mtu mrefu, mpole, mwenye koti jeupe lililokuwa limeacha kuwa jeupe zamani. Alinipa samaki na kisu kidogo, akatazama ninavyomfungua bila kupasua nyongo, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Huo ndio uliokuwa mtihani wangu. Halafu akanipeleka uani, akainamisha chungu cha maua, akachokora udongo kwa kidole. Nikaona kitu cheusi kinachong'aa, nikafikiri ni mnyoo. Alikiweka katika kiganja changu, nacho kikanichoma kidogo, nikaruka nusura nikitupe.

"Ile iko mukia, binti," akaniambia. "Kichwa iko ngambo ingine."

Nilipewa kigoda, lupu, yaani kile kioo cha kukuzia, na pini. Papa Lokangu alinifundisha kwamba nyoka wengine wana magamba mapana tumboni ya kujisukumia, lakini nyoka kipofu, kama yule wa chunguni, amezungukwa na magamba madogo yaliyolingana, mgongoni na tumboni sawasawa, laini kiasi kwamba udongo haumshiki. Macho yake ni vidoa viwili vyeusi chini ya gamba, na kazi yake ni kujua tu kama kuna mwanga ili akimbie. Mdomo uko chini ya pua, mdogo, unatosha mayai ya siafu na ya mchwa. Mkia ni mfupi kabisa, na mwishoni una mwiba ambao hutumia kujikita anaposukuma. Ule mwiba ndio ulionichoma, na ndio unaowafanya watu waseme ana vichwa viwili.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu. Unamlaza chini ya lupu, unachagua katikati ya mwili, unaweka pini kwenye gamba moja, kisha unamzungusha polepole ukihesabu mistari ya magamba mpaka unarudi kwenye pini. Ukipiga chafya unaanza upya. Nyoka wa chungu cha maua ana mistari ishirini. Nilipata kumi na tisa, nikapata ishirini na mbili, nikapata kichwa kuuma. Papa Lokangu hakunikaripia, alinirudishia tu yule nyoka na kusema, "Kama haujue makumi mbili, hautajua ingine." Mpaka jioni nilikuwa napata ishirini kila ninapojaribu, na nikaruhusiwa kwenda nyumbani kula lituma, ndizi zetu za kupondwa.

Alinieleza pia kwamba huyu wa vyungu si mwenyeji. Alitoka Asia, akizunguka dunia katika udongo wa miche na maua bila kulipa nauli. Wote ni majike. Hutaga bila kumjua dume, kwa hiyo mmoja akianguka mahali, mahali pamejaa. Papa Lokangu hakumchukia, ila alimsema kama mtu anavyomsema mgeni aliyekuja kulala siku mbili akaleta na sanduku. Moyo wake ulikuwa kwa mwingine, na huyo aliishi Esanga.

Esanga kwa Lingala ni kisiwa, na watu wake hawakukipa jina jingine, kana kwamba mtoni hakuna kisiwa kingine. Kiko kati ya mji na Yanonge. Upande mmoja ni kinamasi na vibanda vya wavuvi. Upande wa pili palikuwa na mgongo wa mchanga, mrefu, wenye miti mikubwa, na juu yake makaburi. Nasema palikuwa, mtaelewa baadaye. Nyoka huyo alikaa chini kabisa, na katika kisiwa kile hakuna mtu aliyechimba chini kiasi hicho isipokuwa kwa ajili ya maiti. Ndiyo sababu Papa Lokangu alikuwa haendi Esanga kutafuta nyoka. Alikwenda matanga.

Namna yenyewe ilikuwa hivi. Habari ya kifo ikifika mjini na pirogi ya kwanza, yaani mtumbwi wa asubuhi, Papa Lokangu alinunua sukari na kahawa kama mfiwa mwingine yeyote, tukavuka. Yeye alikaa na wanaume, mimi na wanawake. Aliniambia mapema kwamba hatutauliza neno lolote la nyoka mpaka udongo wa mwisho umerudishwa na watu wamenawa mikono, na kwamba siku nitakayouliza mapema, siku hiyo nitarudi mjini kwa kuogelea. Basi nilikaa na wanawake nikalia nao. Mwanzoni nililia kwa adabu. Baadaye nililia kweli, maana ukikaa mara nyingi kati ya watu wanaoomboleza, na wafu wako nao hukujia moyoni.

Mchimba makaburi wa Esanga alikuwa Tonton Fidèle, kijana wakati huo, mvuvi mwenye mabega ya watu wawili. Desturi yao ilisema mchimbaji akikutana na yule nyoka, kichwa kimoja kinamtazama yeye na cha pili kinamtafuta marehemu. Kwa hiyo walimkata kwa jembe, wakamwagia chumvi, wakafukia shimo na kwenda kuchimba jingine. Ndiyo maana kwa muda mrefu tulichopewa ni vipande. Kipande cha kipofu hakisemi kitu. Papa Lokangu alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na njiani akavitupa majini bila kutazama.

Siku tuliyompata mzima, tulikuwa tumekwenda kumzika bibi mmoja aliyekuwa mkunga. Tonton Fidèle alikuwa shimoni mpaka mabegani. Kwa sababu ambayo hakuweza kuieleza hata yeye, safari hii alipomkuta nyoka hakumkata. Alimwinua na donge la mchanga juu ya jembe, akamweka chini ya jani la mgomba, akaendelea kuchimba shimo jingine. Baada ya kunawa mikono alituita pembeni, akafunua jani.

Alikuwa na urefu wa kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, unene wa kalamu ya risasi. Mgongoni rangi ya zambarau iliyokaribia kahawia, tumboni rangi ya uji wa mahindi. Pua yake haikuwa ya mviringo kama ya yule wa vyungu. Ilikuwa imechongoka mbele kama mdomo wa kuku, ya kupasulia mchanga. Papa Lokangu alihesabu, akanipa lupu bila kuniambia alichopata. Nilihesabu mara moja, nikazungusha, nikahesabu tena. Ishirini na nne. Nilipomtajia, yule mzee aliketi kwenye mzizi akavua kofia. Sijawahi kumwona mtu akifurahi kwa utulivu hivyo, na karibu na kaburi bichi tena.

Miaka iliyofuata tulipata wengine wawili, wote ishirini na nne, wote na pua ile ile, na mmoja wao alikuwa dume. Tuliwaweka katika chupa moja ya alkoholi kwenye rafu ya juu. Kibandiko kilikuwa na mahali, tarehe, na mkono wa Papa Lokangu. Pale pa jina aliacha wazi.

Akaja profesa wa kigeni, mtaalamu wa nyoka hawa. Mtu mzuri, alikula pondu yetu, kisamvu cha huku, akaomba tena. Alikaa na ile chupa asubuhi nzima. Alituambia kwamba kwa kadiri anavyojua huyu hajaandikwa popote, lakini kumpa jina ni kazi ya kumlinganisha na ndugu zake wote, na ndugu hao wako katika chupa za kwao ng'ambo. Aliomba mmoja. Wawili wabaki. Alisema, tena kwa upole, kwamba jina bila mwili halisimami, na miili yote ikikaa nyumba moja, moto mmoja unatosha.

Papa Lokangu alifunga kifuniko cha chupa. "Hapana, Professeur. Vya kwetu vyote vilienda. Hii italala kwetu. Jina njo ikuje hapa kuitafuta."

Sote tuliokuwa chumbani tuliona amesema vema. Profesa hakubishana. Alisema atarudi na picha na vipimo vya wale ndugu, waje wafanye kazi hiyo pamoja, palepale mezani. Walipeana mikono. Sina cha kumlaumu mmoja wala mwingine, na hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu ningekuwa na wa kumlaumu ningelala vizuri.

Vita vikafika. Hamkuwa mmezaliwa, wengine wenu, basi nitawaambia kipande kinachohusu chupa. Mto ulifungwa. Meli hazikupanda, na alkoholi ilikuwa inapanda na meli. Alkoholi huisha yenyewe hata ukifunga vipi, inatoka polepole kama watu wanaohama mtaa. Kila wiki tulipita na kitambaa tukitazama vimiminika vinashuka, mpaka vichwa vya mijusi vikaanza kuchomoza. Tulihamisha kutoka chupa hii kwenda ile. Tulichagua nani abaki na nani akauke. Vyura tuliwaacha, Mungu atusamehe.

Rafu ya juu ilipofikiwa, Papa Lokangu alikwenda mtaa wa Mangobo kwa mama mmoja aliyepika lotoko, ile pombe ya mahindi na muhogo inayotengenezwa nyumbani. Alimwomba aipitishe mtungini mara ya pili, halafu ya tatu. Wanywaji wa pale walimcheka wakidhani ni kiu yake. Alirudi kwa miguu na dumu begani. Akamimina kidogo kwenye kisahani, akawasha, ikashika moto wa buluu. "Unaona," akaniambia, "iko na nguvu." Kisha akaijaza chupa ya Esanga mpaka shingoni, kwanza kabla ya nyingine zote, kwa kuwa ndiyo aliyoipenda zaidi.

Lotoko hushika moto na huku nusu yake ni maji. Tulikuja kulijua hilo kwa pua. Mvua zilipoanza tulisikia harufu, tukatafuta panya aliyekufa chini ya makabati. Papa Lokangu ndiye aliyeifungua ile chupa. Alimwinua wa kwanza kwa kibano, na ngozi ikabaki kwenye kibano kama ganda la haragwe lililochemshwa. Magamba yalikuwa yamelala chini ya chupa, yanameta. Yote yalikuwapo, nafikiri, ila hayakuwa tena katika mistari. Nyoka kipofu asiye na mistari huwezi kumtofautisha na uzi.

Alijaribu kuyachuja kwa kitambaa. Nilimshika mkono, nikamwambia yatosha, Papa. Aliendelea. Mwishowe aliketi kwenye kile kigoda alichonifundishia, akakaa hapo mpaka walinzi wakaja kufunga. Chatu mkubwa wa kabati la pembeni hakupata hata doa. Chatu hupona siku zote.

Baada ya hapo alianza kupungua. Hakuwa mgonjwa wa kitu chenye dawa. Profesa hakurudi, barua zilikuwa haziendi, na baadaye tulisikia amefariki kwao. Kwa hiyo Papa Lokangu ndiye aliyebaki na uhakika wa ishirini na nne, yeye na mimi. Siku ya mwisho niliyomtembelea alikuwa mkekani nyuma ya nyumba, na alichosema alikisema kama mtu anayeagiza chumvi sokoni. "Véro. Unitafutie ingine. Moja tu."

Tulipomzika, nilisimama ukingoni nikitazama ndani ya shimo wakati vijana wanachimba. Ndugu zake walidhani nimechanganyikiwa kwa huzuni, wakanivuta nyuma. Huzuni ilikuwapo. Lakini nilikuwa natazama udongo.

Nilirudi Esanga peke yangu, na sukari na kahawa. Tonton Fidèle alikuwa na mvi sasa. Nilimweleza yote, hata harufu. Alisikiliza, akasema atawaambia watu waache kukata. Msidhani lilikuwa jambo dogo. Mtu aliyefiwa hataki kuambiwa amhurumie nyoka. Miaka ilipita, alikuwa anawaambia mmoja mmoja akiwa shimoni, jembe mkononi, kwamba yule ndiye mwenye nyumba na sisi tumekuja kumwomba nafasi. Kidogo kidogo desturi iligeuka. Walipokutana naye walirudisha mchanga kwa mkono, wakasema samahani, wakahamia hatua chache mbele. Watoto walikua wakijua hivyo, kana kwamba imekuwa hivyo tangu mababu. Nililia kwa furaha siku niliyowasikia. Ila walimfukia haraka mno kwa heshima hiyo mpya, na mimi kila mara nilifika wakati shimo limeshajaa. Nikawaomba waniwekee mmoja. Walikubali, wakasema wa safari ijayo.

Safari ijayo mto uliingilia kati. Ukingo ule wa mchanga ulianza kumeguka. Kwanza miti, halafu safu ya kwanza ya makaburi, halafu ya pili. Wavuvi wa huko mto unakoteremkia walikuwa wanakuta misalaba kwenye nyavu. Watu wa Esanga wakaacha kuzika kisiwani, wakawa wanavusha wafu wao kwenda bara, kwenye udongo mwekundu mgumu ambako kipofu wangu hajawahi kukaa. Hapakuwa tena na mashimo. Nilivuka mara nyingi nikachimba mwenyewe kwenye kipande kilichobaki, mama mtu mzima na jembe, na kila nilipovuka tena kipande kilikuwa kimepungua.

Ndipo ikaletwa miche. Wafadhili fulani walikuja na mpango wa kupanda miti ili mizizi ishike ukingo. Pirogi zilipakiwa miche kutoka vitalu vya mjini, kila mmoja na udongo wake katika kifuko cheusi. Kijiji kizima kilipanda, watoto wakaimba. Ile miti imeshika kweli, nendeni mkaone. Imeshika kilichobaki.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Tonton Fidèle alinipigia simu. Alikuwa anacheka, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. "Mama Véro, kuya. Iko mingi. Chini ya ile miti, kila fasi tunachimba tunaipata. Hatukuua hata moja."

Nilichukua chupa mpya. Alkoholi siku hizi inafika kwa ndege, safi, kali. Niliandika kibandiko njiani, mahali na tarehe, kwa mwandiko niliojifunza kwa Papa Lokangu. Pale pa jina niliacha wazi. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa msichana, siwafichi.

Walikuwa wamenisubiri ufukweni. Tonton Fidèle, mzee kabisa, anatembea kwa fimbo, alikuwa amewaweka katika beseni lenye udongo na amelifunika kwa jani la mgomba, kama siku ile. Alilifunua mwenyewe. Walikuwa weusi, wembamba, wanang'aa. Nilijiambia ni watoto. Nilijiambia rangi ya zambarau huja na umri. Nikatazama pua, ikawa ya mviringo, nikajiambia macho yangu yamechoka.

Nikaketi chini, nikamlaza mmoja, nikaweka pini. Ishirini. Nikachukua mwingine, ishirini. Nikamwaga beseni lote kwenye mkeka na nikahesabu mpaka wa mwisho, mkono wangu ukinisaidia vizuri kama zamani, bila kukosea hata mara moja. Tumboni mwa mmoja mayai yalionekana kwa nje. Majike, wote.

Niliwaza kunyamaza. Wangefurahi, na nani angejua? Lakini Tonton Fidèle alikuwa ananitazama usoni, na yeye alikuwapo siku ya jani la kwanza.

"Njo ile yetu?" akauliza.

"Hapana, Tonton. Hii iko ya vyungu ya maua. Ilikuya na miche."

Aliwaeleza wengine kwa Lingala, na wanawake wakaanza kurudi majumbani. Yeye alibaki. Alitazama miti, halafu akatazama maji pale ambapo makaburi yalikuwa, ambapo mama yake na baba yake walikuwa.

"Basi ile yetu ilienda na mayi," akasema. "Pamoja na watu yetu." Alikusanya wale nyoka na udongo, akawarudisha mmoja mmoja katika beseni. Kisha akaniuliza. "Na hii sasa, tuiue ao tuichunge?"

Mikono iliyochukua miaka mingi hivyo kujifunza kutoua, sikuwa na moyo wa kuifundisha tena kuua. Nilimwambia awaache. Aliinama kwa shida, akawamimina chini ya mti, akawafunika kwa mchanga, akasema samahani.

Ile chupa mpya niliiweka kwenye rafu ya juu. Kibandiko chake kina mahali na tarehe, na ndani mna alkoholi tu, hamna nyoka. Msiitupe, wala msiitumie kwa kingine. Kila mwezi tazameni kama imepungua, muijaze. Alkoholi sasa tunayo.